Ripoti inasema 236: je, mwanangu anakaribia kiharusi?

*"Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka saba na ana selimundu, SS. Mwezi uliopita tulipewa rufaa, akapimwa kasi ya damu kichwani kwa ultrasaundi. Tulisafiri usiku kucha, kwa hiyo alilala fofofo wakati anapimwa. Upande wa kulia wameandika PSV 236, EDV 146, TAMM 176. Kushoto TAMM 148. Hb ilikuwa 6.4. Tumeambiwa turudi baada ya miezi mitatu, basi. Wazazi wenzangu wananiambia ikifika 200 mtoto anapata kiharusi, na wangu ana 236! Jirani anasema hiyo ni presha ya kichwa. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Mtoto mwenyewe anacheza, shuleni anafanya vizuri, haumwi kichwa. Mwaka jana aliandikiwa haidroksiurea lakini sikumpa, nilisikia ni dawa ya saratani. Mashine inajuaje kasi ya damu bila kutoboa? Inaweza kukosea? Tudai aanze kuongezewa damu? Na mdogo wake wa kike wa miaka miwili na nusu, naye ana selimundu, apimwe?"*

Marahaba, mama. Pole kwa usiku hizo zote. Nianze na hiyo namba inayokukosesha usingizi: ya kutazama ni 176. Hiyo 236 ni kitu kingine, na wazazi wenzako wamezichanganya bila kujua.

Damu haiendi kwa mwendo mmoja. Moyo ukisukuma inakwenda mbio, moyo ukipumzika inapunguza, halafu pigo jingine linakuja. PSV ni kasi ya juu kabisa ndani ya pigo, kile kilele cha sehemu ndogo tu ya sekunde. EDV ni kasi iliyobaki mwishoni, kabla ya pigo linalofuata. TAMM ni wastani wa mapigo mazima. Zote zinahesabiwa kwa sentimita kwa sekunde. Unaweza kuzihakiki mwenyewe kwa kadirio la haraka tunalotumia: chukua EDV mara mbili, ongeza PSV, gawa kwa tatu. 146 mara mbili ni 292, ukijumlisha na 236 unapata 528, gawa kwa tatu ni 176. Namba za ripoti yako zinaoana, na hilo peke yake linanipa imani na aliyempima mtoto.

Mpaka wa 200 uliousikia ni wa wastani. Kwa wanaosoma kilele, mpaka unaotumika sana ni 250. Kwa hiyo ukitumia njia yoyote kati ya hizo mbili, mwanao hajavuka. Wastani ukiwa chini ya 170 tunasema ni kawaida kwa mtoto wa selimundu. 170 hadi 199 ni kundi la kati, linalotaka kufuatiliwa kwa karibu. 200 na kuendelea ni hatari. Mwanao yuko kundi la kati, upande wa kulia tu. Sisemi hivi ili majibu uyaweke kabatini. Kundi la kati lina kazi ya kufanywa, na kwa mtoto wako naona kazi hiyo ilichelewa mwaka mzima. Nitaifikia.

Kwanza hiyo 200 ilitoka wapi, maana ukiijua hutaiogopa vibaya. Mwaka 1998 daktari wa Marekani, Robert Adams, na wenzake walichapisha utafiti unaoitwa STOP. Walichukua watoto 130 wenye selimundu, umri wa miaka 2 hadi 16, wote wakiwa na wastani wa 200 au zaidi na hakuna aliyewahi kupata kiharusi. Watoto 63 waliongezewa damu kila mwezi, 67 wakaendelea na huduma ya kawaida ya wakati ule. Katika wale 67, watoto 11 walipata kiharusi. Katika wale 63, mmoja tu. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake ili watoto wote wapewe nafasi ya kuongezewa damu. Soma tena hesabu hiyo upande wa pili: hata kati ya watoto waliovuka 200 na hawakuongezewa damu, 56 kati ya 67 hawakupata kiharusi katika kipindi kile. Kwa hiyo "ikifika 200 anapata kiharusi" si kweli. Kilicho kweli ni kwamba hatari inafika kama mtoto mmoja katika kila kumi kwa mwaka, na hatari ya kiwango hicho hakuna daktari makini anayekaa kuitazama tu.

Na presha? Jirani yako ana nia njema, ila hapo hapana. Presha ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa, inapimwa kwa mkanda wa mkononi. Hapa tumepima mwendo. Mtoto anaweza kuwa na presha nzuri kabisa na kasi ya 210 kichwani. Dawa za presha hazina kazi hapa, tafadhali asipewe.

Sasa swali lako zuri, mashine inajuaje. Mwaka 1842, Christian Doppler, mwalimu wa hesabu huko Prague, alieleza kwamba mawimbi yanayotoka kwenye kitu kinachokusogelea yanakufikia yakiwa yamebanana, na kitu kikienda mbali yanakufikia yameachana. Yeye alikuwa akifikiria mwanga wa nyota. Miaka mitatu baadaye Mholanzi aitwaye Buys Ballot aliweka wapiga tarumbeta kwenye behewa la treni karibu na Utrecht, na watu wenye masikio ya muziki wakasimama kando ya reli. Treni ilipokuja, noti ilisikika juu kidogo kuliko ile iliyopigwa, ilipopita, ikashuka. Wewe mwenyewe umelisikia kila ambulensi inapokupita barabarani.

Kile kifaa cha mkononi chenye jeli, probu, kinatuma sauti yenye mitetemo milioni 2 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Sauti inapita kichwani, inagonga seli nyekundu za damu na kurudi. Seli zinazokuja upande wa probu zinairudisha ikiwa na mitetemo mingi kidogo kuliko ilivyokwenda. Mashine inatoa moja kwa nyingine na kubaki na tofauti. Sauti mwilini inasafiri karibu mita 1,540 kwa sekunde, hivyo tofauti hiyo inageuzwa kuwa kasi kwa hesabu nyepesi. Kwa damu inayokwenda sentimita 176 kwa sekunde, tofauti inakuwa kama mitetemo 4,570 kwa sekunde, na hiyo sikio linaisikia. Ule mlio wa "shwaa, shwaa" uliousikia chumbani siku ile ulikuwa tofauti hiyo yenyewe, imepelekwa kwenye spika. Mpimaji mzoefu anasikia mshipa wenye mbio kabla hajatazama skrini.

Kwa miaka mingi fuvu lilizuia kazi hii, kwa sababu mfupa unameza sauti. Mwaka 1982 Rune Aaslid na wenzake walionyesha kwamba ukitumia mitetemo milioni 2, badala ya ile ya juu zaidi inayotumika shingoni, sauti inapenya kwenye panja, pale mbele na juu ya sikio ambapo mfupa ni mwembamba. Ni mahali pa bahati. Ateri ya kati ya ubongo, ile MCA ya kwenye ripoti, inatoka katikati ya kichwa kuja nje ikielekea panja, karibu uso kwa uso na probu.

Hapo ndipo jibu la "inaweza kukosea" lilipo, na naomba univumilie kidogo maana wengi hawaelezwi. Mashine inaona tu ile sehemu ya mwendo inayokuja moja kwa moja kwenye probu. Damu ikipita kwa mshazari wa nyuzi 30, mashine inasoma pungufu kwa asilimia kama 13. Ikipita kwa nyuzi 60, inasoma nusu tu. Ikikatiza mbele ya probu kwa pembe mraba, inasoma karibu na sifuri, hata kama damu inakimbia. Katika kipimo cha kichwa kisichotumia picha, ambacho ndicho kilichotumika katika STOP, mashine inachukulia kwamba pembe ni sifuri. Maana yake kosa la pembe linaweza kuishusha namba; kuipandisha haliwezi. Ndiyo maana uliona mpimaji akiinamisha probu huku na huku, akisogea milimita mbili mbili kwenda ndani: anatafuta namba kubwa kuliko zote, kwa sababu hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Mkono mwepesi na haraka vinazalisha majibu mazuri ya uongo. Mimi ningehofia zaidi ripoti ya 120 iliyopatikana kwa dakika tano kuliko 176 yako.

Kuna mashine nyingine zinazoonyesha picha ya rangi ya mishipa. Nazo ni nzuri, lakini kwa kawaida zinatoa namba za chini kidogo, kama asilimia 10 hivi, na mpimaji akirekebisha pembe kwa mkono anaweza kuipandisha au kuishusha. Safari ijayo uliza kama mashine ni ya aina ileile. Kulinganisha 176 ya mashine moja na 160 ya nyingine kunaweza kukupa furaha isiyo na msingi.

Kosa la pili halitoki kwenye mashine, linatoka kwa hali ya mtoto siku hiyo. Uliandika kwamba alikuwa amelala. Mtu akilala anapumua taratibu, hewa ya kaboni inaongezeka kidogo kwenye damu, mishipa ya ubongo inatanuka na damu inaenda kwa wingi zaidi. Kasi inapanda. Mtoto anayelia anapumua mbio, inakuwa kinyume, kasi inashuka. Homa inapandisha. Kuongezewa damu siku chache kabla kunashusha. Ndiyo maana kipimo hiki kinatakiwa kufanywa mtoto akiwa macho, ametulia, hana homa wala maumivu ya selimundu. Sidai kwamba usingizi ndio uliomtoa kwenye 150 ukampeleka 176. Sijui, na hakuna anayeweza kujua bila kurudia. Lakini ni sababu ya kutosha ya kurudia vizuri. Lala mjini usiku wa kuamkia siku hiyo kama mna ndugu wa kuwapokea.

Kisha Hb, yaani himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Kasi ya damu kichwani inapanda kwa njia mbili, na kipimo hiki peke yake hakizitenganishi. Ya kwanza ni upungufu wa damu. Ubongo unataka kiasi chake cha oksijeni bila kujali Hb yako. Kila kijiko cha damu kikibeba kidogo, ubongo unaita vijiko vingi zaidi kwa dakika. Mtoto asiye na selimundu ana wastani wa kama 90 kwenye mshipa huu, mtu mzima kama 60. Mtoto wa SS, hata mwenye mishipa safi, anakaa kwenye 130 hivi kwa sababu ya upungufu wa damu. Njia ya pili ndiyo tunayoihofia, mshipa wenyewe kuwa mwembamba. Seli zenye umbo la mundu zinaumiza ukuta wa ateri kwa ndani, ukuta unajijenga na kunenepa, njia inabana. Mto ukifika penye miamba iliyousonga, maji yaleyale yanapaswa kupita mahali padogo, kwa hiyo yanakimbia. Upana wa mshipa ukipungua nusu, nafasi ya kupita inabaki robo, na ili kiasi kilekile kipite kasi lazima iwe mara nne. Lakini mshipa ukikaribia kuziba kabisa damu inashindwa, na kasi inashuka tena. Kwa sababu hiyo namba ndogo kupita kiasi, au mshipa usiosikika upande mmoja tu huku mwingine unasikika, haipokelewi kama habari njema.

Kwa mwanao, Hb ya 6.4 inaeleza sehemu fulani ya kasi. Swali langu kwako: Hb yake ya kila siku ni ngapi? Angalia kadi zake za kliniki. Kama huwa ana 6.3 hadi 6.8, basi ndiyo alivyo. Kama huwa na 8, ameshuka, na sababu itafutwe sasa hivi, malaria ikiwemo, wala usingoje miezi mitatu. Upungufu wa damu hata hivyo hauelezi kwa nini kulia ni 176 na kushoto ni 148, kwa sababu damu hafifu inafika pande zote mbili. Tofauti ya namna hii inaweza kuwa ni ya pembe tu, upande wa kushoto haukupatikana vizuri. Inaweza pia kuwa kulia kumeanza kubana. Hiki ndicho ninachotaka mpimaji akiangalie kwa makini safari ijayo.

Tuje kwenye kuongezewa damu. Hapana, usidai sasa. Kwa kundi la kati haipendekezwi kama hatua ya kwanza. Ni tiba inayookoa kwa waliovuka 200, lakini ina gharama mwilini: ni kila mwezi, kwa miaka, chuma kinajilimbikiza kwenye ini na moyo, mwili unaweza kutengeneza kinga dhidi ya damu ya wengine hadi kupata chupa inayomfaa kukawa kazi. Na ukianza, kuacha ghafla ni hatari: utafiti uliotolewa 2005 ulionyesha kwamba kati ya watoto 41 walioachishwa baada ya kasi kushuka, 14 walirudi juu na wawili wakapata kiharusi.

Kitu ambacho mwanao anakihitaji ni ile haidroksiurea aliyoandikiwa. Uliambiwa ni dawa ya saratani, na ni kweli hutumika pia kwa baadhi ya saratani za damu. Kwenye selimundu dozi ni ya chini na lengo ni lingine kabisa: inaamsha himoglobini ya utotoni, ile aliyokuwa nayo tumboni mwako, ambayo haiigeuzi seli kuwa mundu. Hb inapanda, seli zinadumu, kasi kichwani inashuka. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ugonjwa huu. Hofu ya kwamba watoto wetu, wanaoishi na malaria na magonjwa ya kuambukiza, wangedhurika ilipimwa katika utafiti wa REACH uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, majibu yakatolewa 2019: maumivu, maambukizi, malaria, kuongezewa damu na vifo, vyote vilipungua. Mwanza, katika hospitali ya Bugando, watoto wa 170 hadi 199, kundi la mwanao, walipewa dawa hii na kasi zao zikashuka. Hata kwa waliovuka 200 na kuanza na damu, utafiti wa TWiTCH wa 2016 ulionyesha kwamba wale ambao mishipa haijaharibika sana wanaweza kuhamishiwa kwenye haidroksiurea baada ya angalau mwaka mmoja.

Ina madhara? Ndiyo. Inaweza kushusha seli nyeupe na chembe sahani (zile zinazogandisha damu), hivyo lazima apimwe picha kamili ya damu, mwanzoni karibu kila mwezi, baadaye kwa nafasi zaidi. Zikishuka mno dawa inasimamishwa kwa muda, zikipanda inaendelea. Kwa kawaida huanza kwa miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Usimpe ile ya mwaka jana kama bado ipo nyumbani. Uzito umebadilika na damu yake ya leo haijapimwa. Nenda kliniki ya selimundu wiki hii, sema wazi kwamba hukumpa na sababu yake. Hawatakugombeza, na kama yupo atakayekugombeza, vumilia, dawa ipatikane.

Muda wa miezi mitatu waliokupa ni sahihi. Usiupitishe. Ikirudi 200 au zaidi watarudia ndani ya wiki moja au mbili ili kuhakikisha, na hapo mazungumzo ya kuongezewa damu yataanza kwa uzito wake.

Kuna jambo kipimo hiki hakioni, nalo ni makovu madogo ndani ya ubongo ambayo hayaleti kupooza. Yanaonekana kwa MRI tu, mashine ya picha za ndani ya ubongo, na mtoto mwenye kasi ya kawaida anaweza kuwa nayo. Kwa hiyo mwalimu akikuambia amebadilika, hasikii maelekezo, alama zimeporomoka, au anasahau, lipeleke kliniki hata kama majibu ya kipimo hiki cha kasi ni mazuri.

Na yapo ambayo hayasubiri miadi. Mdomo umepinda, mkono au mguu mmoja umelegea, anaanza kuburuta mguu, maneno hayatoki au hayaeleweki, degedege, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, usingizi usio wa kawaida ambao huwezi kumwamsha vizuri: mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, hata kama baada ya dakika kumi amerudi kawaida. Usimpe aspirini, usimlishe wala kumnywesha chochote kama uso au usemi umebadilika, maana anaweza kupaliwa. Ukifika mapokezi sema neno "selimundu" kwanza.

Mdogo wake apimwe, ndiyo. Watoto wa SS huanza kupimwa wakifika miaka miwili, kisha kila mwaka hadi 16, na yeye ameshaivuka miwili. Hatadungwa dawa ya usingizi; inavuruga majibu. Ombeni miadi yao siku moja, aanze kaka ili yeye aone kwamba hakuna sindano, na mbebe kitu anachokipenda kukishika mkononi. Dakika 30 hadi 40 zinatosha kwa mtoto aliyetulia, na kama hatatulia siku hiyo, kubali kupangiwa nyingine kuliko kuondoka na namba iliyopatikana kwa kulazimisha.